Kuinua Nyuma ya Gari kwa Usalama: Somo kwa Madereva, Mafundi na Wasaidizi Wao



Barabara ya Taifa Nambari 3, ambayo wengi wetu twaiita RN3, yatoka Bujumbura, yapita Kabezi, Magara na Minago, yafika Rumonge, kisha yashuka hadi Nyanza-Lac na kuelekea mpaka wa Mugina, ambao ng'ambo yake ni Manyovu ya Tanzania. Juu ya barabara hiyo hupita mafuta ya mawese ya Rumonge, ndagala na mukeke wa ziwa, mihogo na ndizi za milimani, na pamoja na hayo hupita watu: wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa waendao hospitali, na wageni watokao Kigoma na Uvira. Gari moja likitoboka tairi la nyuma, safari ya watu 15 husimama, na dereva hutoa jeki, ambayo huku kwetu wengi huiita kriki. Huanza hapo kazi ya dakika 20 ambayo kila mtu hudhani aijua.

Somo hili lahusu dakika hizo 20. Pengine msomaji atauliza: kazi ya fundi yaihusu nini polisi? Yaihusu kwa njia tatu. Kwanza, gari lililoinuliwa mahali pabaya barabarani huleta ajali kwa watu wasio na hatia. Pili, gari likimwangukia mtu, polisi huitwa baada ya jambo kutendeka, wakati ambapo maneno ya kuonya hayana faida tena. Tatu, mawe yaliyotumika kuzuia gari huachwa njiani, na usiku pikipiki huyafuata kwa mwendo. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Nasi twapenda kukutana na raia kabla ya hatari kuliko baada yake.

1. Vyombo na kazi zake

Ziko jeki za namna tatu ambazo huonekana sana katika eneo letu. Ya kwanza ni jeki ya mkasi, ile ndogo iletwayo pamoja na gari. Hukunjuka kwa kuzungusha parafujo. Ya pili ni jeki ya chupa, ambayo husimama wima na huinua kwa nguvu ya mafuta yaliyo ndani yake. Hii hupendwa na madereva wa mabasi madogo na malori. Ya tatu ni jeki yenye magurudumu, ambayo hukaa gereji na husukumwa chini ya gari kama mkokoteni.

Zote tatu zina kazi moja tu: kuinua. Kazi ya kulishika gari likiwa juu si ya jeki, bali ni ya nguzo za chuma zenye miguu mitatu au minne, ambazo mafundi wengi huziita stendi. Msomaji akisahau kila kitu katika somo hili, na akumbuke maneno haya manne: jeki huinua, nguzo hushika.

Pamoja na hivyo, dereva ahitaji kabari mbili au nne za mti mgumu za kuzuia magurudumu, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, spana ya nati za magurudumu, pembetatu ya tahadhari, na taa ya mkononi. Vyombo hivi vyote vyaweza kukaa ndani ya gunia moja nyuma ya kiti. Kabari na ubao havinunuliwi kwa bei kubwa: seremala yeyote wa Rumonge aweza kuvikata kwa muda wa saa moja kutoka katika mabaki ya mbao zake.

2. Kwa nini nyuma si sawa na mbele

Madereva wengi hufikiri kwamba kuinua nyuma ya gari ni sawa na kuinua mbele. Sivyo. Tofauti iko katika breki ya mkono.

Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Dereva ainuapo mbele, magurudumu ya nyuma yabaki ardhini, na breki ya mkono yaendelea kulishika gari. Lakini ainuapo nyuma yote, magurudumu yaliyoshikwa na breki yako hewani. Breki imekaza kweli, ila imekaza kitu kisichogusa ardhi. Gari sasa limesimama juu ya magurudumu mawili ya mbele yaliyo huru, na laweza kubingirika. Likisogea hata kwa upana wa kiganja, jeki hulala, nalo huanguka.

Iwapo gurudumu moja tu la nyuma ndilo lililoinuliwa, breki ya mkono hufanya kazi kwa gurudumu moja lililobaki. Hiyo ni nusu ya ulinzi. Kebo ya upande huo ikiwa imelegea, ulinzi wote umekwisha.

Wengine husema: mimi naweka gia, basi gari halitoki. Hapa yapasa kujua gari lako huendeshwa na magurudumu yapi. Magari mengi madogo ya abiria huendeshwa na magurudumu ya mbele; gia ikiwekwa, mashine huyashika magurudumu hayo yaliyo ardhini, na kwa hiyo gia husaidia. Lakini mabasi mengi madogo na magari ya mizigo huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Kwa magari hayo gia na breki ya mkono vyote viwili hushika nyuma, na mbele hakuna kitu kinachoshika chochote. Tena ipo hila nyingine: kifaa kiitwacho difu, kilicho katikati ya mhimili wa nyuma, huruhusu gurudumu moja kuzunguka tofauti na lenzake. Gurudumu moja likiwa hewani, lile la ardhini laweza kubingirika huku la hewani likizunguka kinyume, na gia isizuie neno. Dereva aliyetegemea gia peke yake ametegemea uzi uliokatika.

Kwa sababu hizo zote, kanuni ya kuinua nyuma ni hii: magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari, kila moja mbele yake na nyuma yake, kabla jeki haijagusa gari. Weka breki ya mkono, weka gia ya kwanza, au herufi P kwa gari lisilo na klachi. Yote hayo ni mema. Lakini kabari ndizo zinazolishika gari.

3. Mahali na ardhi

Ukanda wetu wa ziwa una mchanga mwingi, na wakati wa mvua kando za barabara hugeuka tope. Ardhi ionekanayo kavu juu yaweza kuwa laini chini yake. Gari dogo la abiria lina uzito wa tani 1 hadi tani 1 na nusu. Sehemu kubwa ya uzito wa upande mmoja huteremka juu ya kitako cha jeki ambacho si kipana kuliko kiganja cha mtu mzima. Juu ya mchanga kitako hicho huzama, tena huzama upande mmoja kwanza, na jeki huinama. Dawa yake ni ubao: kipande kipana chenye unene wa sentimita 4 au 5, kilichokaa sawasawa. Ubao huugawa uzito juu ya ardhi pana. Jiwe bapa si badala yake, kwa maana chuma juu ya jiwe huteleza.

Tafuta mahali tambarare. Tairi likitoboka katika mteremko, ni afadhali kuendesha polepole mita 200 mpaka kwenye uwanja, hata kama tairi litaharibika, kuliko kuinua gari mlimani. Tairi hununuliwa, mguu wa mtu haununuliwi.

Kuhusu barabara yenyewe, majirani wa mpakani wakumbuke tofauti hii. Burundi na Kongo magari hupita upande wa kulia. Tanzania hupita kushoto. Aliyevuka Mugina asubuhi aweza kusahau upande jioni, hasa akiwa amechutama kando ya gurudumu na mgongo wake umeelekea barabara. Tena mengi ya magari yetu yana usukani upande wa kulia, na mabasi madogo mengi yaliyotengenezwa kwa nchi za kupita kushoto yana mlango wa abiria upande wa kushoto. Nchini Tanzania mlango huo hufungukia ukingoni mwa barabara. Kwetu hufungukia katikati ya barabara. Kwa hiyo abiria wanapoteremshwa ili gari liinuliwe, konda na atangulie yeye kushuka, aangalie magari yajayo, kisha awapitishe abiria mmoja mmoja nyuma au mbele ya gari hadi ukingoni. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzee asaidiwe mkono.

Pembetatu ya tahadhari iwekwe nyuma ya gari kwa umbali wa hatua 50 za mtu mzima, na zaidi iwapo ipo kona au mwinuko. Maana yake si kuonyesha kwamba gari limeharibika. Maana yake ni kumpa dereva ajaye nafasi ya kufunga breki. Ikikaa karibu na gari haimpi nafasi hiyo.

4. Kazi hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: watu wote washuke, na mizigo mizito ishushwe. Jerikani moja ya lita 20 ya mafuta ya mawese ina uzito wa kilo 18 hivi. Jerikani 20 ni zaidi ya kilo 350, na zote hukaa nyuma, pale pale panapoinuliwa. Hakuna mtu abaki ndani ya gari, hata mtoto aliyelala.

Hatua ya pili: toa tairi la akiba sasa, kabla ya kuinua. Katika magari mengi ya mizigo na mabasi madogo tairi hilo hufungwa chini ya gari, nyuma. Anayeliinua gari kwanza kisha akakumbuka tairi la akiba hulazimika kuingiza kichwa na mabega chini ya gari lililo juu ya jeki. Kosa hili hutoka katika mpango mbaya tu, nalo huzuilika bila gharama.

Hatua ya tatu: weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, kisha breki ya mkono na gia, kisha zima mashine na utoe ufunguo.

Hatua ya nne: legeza nati za gurudumu nusu mzunguko gari likiwa bado ardhini. Nati iliyokazana huhitaji nguvu kubwa ya mwili. Nguvu hiyo ikitumika gari likiwa juu, hulisukuma gari kutoka kwenye jeki.

Hatua ya tano: tafuta mahali palipoandaliwa kwa jeki. Kwa gari dogo, mahali hapo huwa kwenye ukingo wa chuma chini ya mlango, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, na mara nyingi pana alama au mikato miwili. Kwa gari lenye mhimili mzima wa nyuma, jeki ya chupa huwekwa chini ya mhimili, karibu na gurudumu. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Usiweke jeki chini ya sakafu, tangi la mafuta, bomba la moshi, wala shokamzoba: vitu hivyo havikuumbwa kubeba gari.

Iwapo tairi limelala kabisa na jeki haiingii, usichimbe shimo chini ya gari. Sogeza gari polepole ili tairi hilo lipande juu ya ubao wa sentimita chache, nafasi itapatikana. Baada ya kupanda, zuia magurudumu upya kama mwanzo.

Hatua ya sita: inua polepole, ukiitazama jeki na si tairi. Jeki ikianza kuinama, simama, teremsha, panga upya. Usijaribu kuinyoosha kwa mguu. Gurudumu likiisha kuachana na ardhi kwa vidole vitatu au vinne, yatosha kulitoa. Ila kumbuka kwamba tairi zima ni nene kuliko lililotoboka, na huhitaji nafasi zaidi kidogo.

Hatua ya saba: ukilitoa gurudumu, lilaze chini ya ukingo wa gari karibu na jeki. Jeki ikishindwa, gari litaangukia gurudumu badala ya kuangukia mkono wako. Lishike gurudumu kwa pande zake, wala usipitishe vidole juu yake kati ya tairi na bodi.

Hatua ya nane: funga nati kwa mkono, upande wake uliochongoka ukielekea gurudumu kwa magurudumu ya chuma. Teremsha gari, kisha kaza kwa mpango wa nyota, yaani nati moja kisha ile inayoielekea, wala si kwa kufuatana. Kwa magari mengi madogo nguvu inayohitajika ni kama kuning'iniza kilo 40 kwenye mpini wa sentimita 25. Kusimama juu ya spana kwa miguu miwili huzidisha nguvu hiyo mno, na huichosha bolti mpaka ikatike siku nyingine. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kagua tena: aliyebadili tairi Rumonge, na akague afikapo Bujumbura.

5. Jeki huinua, nguzo hushika

Kubadili tairi hakumtaki mtu aingie chini ya gari. Lakini ziko kazi za nyuma zinazomtaka: kutazama mpira wa breki, kufunga bomba la moshi, kubadili shokamzoba, kuondoa mafuta ya difu. Hapo jeki peke yake haifai, na yafaa tueleze sababu, kwa maana mtu aliyeelewa sababu huishika kanuni hata asipoangaliwa.

Jeki ya chupa hufanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: mgandamizo juu ya kioevu kilichofungwa huenea kila upande kwa nguvu ile ile juu ya kila sehemu. Ndani ya jeki pana pistoni ndogo na pistoni kubwa. Kubwa ikiwa na eneo mara 20 ya ndogo, basi msukumo wa kilo 50 kwenye ndogo hubeba kilo 1,000 kwenye kubwa. Ndiyo sababu mkono wa kijana mmoja huinua basi. Lakini sasa fikiri kinyume chake: ni nini kinachozuia kilo 1,000 hizo zisiteremke? Ni mpira mwembamba mmoja unaozunguka pistoni, na kokwa ndogo ya chuma inayoziba tundu la mafuta. Mpira ukizeeka, au uchafu ukiingia chini ya kokwa, mafuta hupita, na gari hushuka. Mara nyingine hushuka polepole bila sauti. Mara nyingine kwa ghafula. Jeki haitoi taarifa.

Nguzo ya chuma haina mafuta wala mpira. Ina mguu mpana na pini ya chuma tupu. Kwa hiyo kazi ya chini ya gari hufanyika hivi. Inua nyuma kwa jeki. Weka nguzo mbili, moja kila upande, chini ya mhimili mzima au chini ya sehemu imara zilizoandaliwa. Hakikisha pini zimeingia kabisa na urefu wa nguzo zote mbili ni mmoja. Teremsha jeki mpaka uzito wote ukae juu ya nguzo. Kisha, kabla ya mtu yeyote kuingia, simama pembeni na ulisukume gari kwa mkono, kwa nguvu ya kiasi. Likitikisika juu ya nguzo, heri litikisike sasa. Likitulia, iache jeki mahali pake ikigusa kidogo, kama mlinzi wa pili, na tairi la akiba liwe chini ya ukingo kama wa tatu.

Uzito uliopigwa chapa juu ya jeki na juu ya nguzo uheshimiwe. Jeki ya gari dogo haiinui basi kwa sababu ya dua.

Tofali, bloku na magogo si nguzo. Tofali la udongo na bloku la saruji huweza kubeba uzito mkubwa uliokaa sawasawa, kama ukuta. Lakini ncha ya chuma ikikaa juu yake mahali padogo, hupasuka mara moja, tena bila kuonya. Gogo la mviringo hubingirika. Asiye na nguzo na asiingie chini ya gari. Na alipeleke gari kwa fundi aliye nazo, au kwenye gereji yenye shimo la kufanyia kazi.

6. Ni nani anayetumwa chini ya gari?

Hapa twagusa jambo ambalo ni zito kuliko chuma. Katika gereji za kando ya barabara, anayeingia chini ya gari mara nyingi si fundi mkuu. Ni kijana anayejifunza kazi, au utingo wa lori, kwa kuwa ni mwembamba, ni mwepesi, na hawezi kukataa. Huambiwa: ingia mara moja, ni dakika mbili tu. Naye, kwa heshima kwa mkubwa wake, huingia.

Heshima ni mali ya jamii yetu, wala hatuji kuibomoa. Lakini heshima ina pande mbili. Mtoto hutii mkubwa kwa kuamini kwamba mkubwa ametazama hatari kabla yake. Kwa hiyo twapendekeza desturi moja kwa mafundi wote wa mwambao: aliyeweka nguzo ndiye alisukume gari kulijaribu, na fundi mkuu aseme kwa sauti "limekaa" kabla kijana hajaingia. Kijana naye awe na ruhusa ya kuuliza, "Mzee, nguzo zimekaa?" bila kuhesabiwa kuwa mwoga au mkaidi. Swali la maneno matatu si utovu wa adabu. Wazazi wanaowapeleka watoto wao kujifunza ufundi wana haki ya kufika gerejini na kutazama kama nguzo zipo. Fundi mwema hataona vibaya, bali ataona fahari kuzionyesha.

Abiria nao wana sehemu yao. Mara nyingi haraka ya dereva hutoka katika sauti za watu walio ukingoni: soko linafungwa, giza linaingia, mpaka utafungwa. Haraka haraka haina baraka. Abiria anayenyamaza na kushika taa humsaidia dereva kuliko anayemhimiza.

7. Gari likimwangukia mtu

Usimvute mtu kwa mkono wala mguu. Anayevutwa chini ya chuma hukatwa na chuma hicho.

Ikiwa kifua, shingo au kichwa kimebanwa, hakuna nafasi ya kungoja: pumzi hukoma katika dakika chache. Iteni watu, wekeni kabari, inueni gari kwa jeki nyingine au kwa mikono ya watu wengi pamoja, na mtu mmoja awe msemaji wa kuhesabu. Gari liinuliwapo, wengine waingize mara moja magurudumu au magogo mapana chini yake, ili lisirudi kushuka. Ndipo mtu atolewe.

Ikiwa mguu au mkono umebanwa na mtu anapumua vyema, simu kwa hospitali au kituo cha afya na kwa polisi ipigwe mara moja, na maelezo yao yafuatwe wakati wa kuinua. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Mtu aliyeumia mgongo au shingo asikalishwe wala asikunjwe ndani ya gari dogo. Alazwe juu ya ubao au mlango. Kila dereva na awe na namba za kituo cha polisi na za hospitali ya karibu katika simu yake na, kwa kuwa simu huzimika, katika karatasi ndani ya gari.

8. Mawe tunayoyaacha nyuma yetu

Kuna desturi nzuri njiani kwetu: dereva aliyeharibikiwa hukata matawi mabichi na kuyaweka barabarani ili kuwaonya wenzake. Ni lugha inayoeleweka na Mrundi, na Mtanzania, na Mkongo, bila mkalimani. Lakini desturi hii ina mwenza wake mbaya. Gari likiisha kutengenezwa, dereva hupanda, huondoka, na mawe aliyoyatumia kuzuia magurudumu hubaki juu ya lami. Saa mbili za usiku mwendesha pikipiki hulipiga jiwe hilo ambalo halina taa wala mwenyewe.

Dereva huyo hakukusudia kumwua mtu, na pengine hatajua kamwe. Lakini jiwe ni lake. Kabari za mbao ni afadhali kwa sababu hii pia: mwenyewe huzipenda na huzirudisha katika gunia. Asiye nazo na atumie mawe, ila mtu mmoja, kabla gari halijaondoka, apewe kazi ya kuyatupa mbali na lami pamoja na matawi. Nawe msomaji ambaye ni mpita njia tu, ukikuta jiwe katikati ya barabara na ni salama kulitoa, litoe. Hutajua umemwokoa nani. Naye hatajua ameokolewa na nani. Ujirani mwingi wa kweli huwa hivyo.

Maswali ya kujipima na kujadiliana

Maswali haya yaweza kusomwa katika mikutano ya kamati za usalama, katika vyama vya madereva, au nyumbani.

1. Breki ya mkono ya gari lako hushika magurudumu yapi? Ukiinua nyuma yote, ni kitu gani kinachobaki kulishika gari?

2. Kwa nini gia haitoshi kulizuia basi dogo linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma?

3. Kwa nini nati hulegezwa kabla ya kuinua, na tairi la akiba hutolewa kabla ya kuinua?

4. Ni nini hasa kinachobeba uzito ndani ya jeki ya chupa? Basi kwa nini twahitaji nguzo?

5. Mlango wa abiria wa gari lako hufungukia upande gani wa barabara uwapo Burundi, na upande gani uwapo Tanzania?

6. Katika gereji iliyo karibu nawe, ni nani anayeingia chini ya gari, na ni nani anayehakikisha kwamba limekaa?

7. Mara ya mwisho gari ulilopanda lilipoharibika, mawe yalikwenda wapi?

Swali la sita na la saba yasijibiwe kwa mdomo tu. Atakayelipitia gari lake leo, akakata kabari mbili na ubao mmoja, na kuvitia ndani ya gunia nyuma ya kiti, amekwisha kulijibu somo hili kwa mikono yake. Twawatakia safari njema, kwenda na kurudi.